Mtambo peke yake hautoshi: redio ya umma na watu wake

Kabla ya simu ya mkononi kufika Songea, Kasulu au Masasi, msiba ulisafiri kwa redio. Mtu akifia Dar es Salaam, ndugu zake walikwenda Radio Tanzania kuandikisha tangazo. Saa ya matangazo ya vifo ilipowadia, mtaa wenye redio moja ulinyamaza. Msomaji alitaja jina la marehemu, mahali alipofia na siku ya maziko, kisha akaanza orodha: habari ziwafikie kaka yake aliyeko Tabora, shemeji yake wa Mtwara, wajomba wote wa Kyela, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Asiyekuwa na redio alifuatwa shambani na jirani aliyesikia. Nauli zikachangwa, watu wakapanda basi au treni.

Huduma hiyo haikuwa na heshima ya taarifa ya habari, lakini anayetaka kujua redio ya umma ni kitu gani anaweza kuanzia hapo. Kituo cha taifa zima kilitoa dakika zake kwa msiba wa familia moja ambayo pengine haikuwa na lolote la kukilipa zaidi ya ada ndogo ya tangazo, na nchi nzima ilisikiliza ikijua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yake. Kipindi cha Ugua Pole kiliwafikia wagonjwa waliolala hospitali mbali na kwao. Watoto walikuwa na Mama na Mwana ya Debora Mwenda, na wakubwa kwa wadogo walicheka pamoja na Pwagu na Pwaguzi. Betri zikichoka, zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi.

Leo Tanzania ina vituo vya redio kwa mamia, vingi vya biashara, na simu imechukua kazi ya kupeleka habari za msiba. Kwa hiyo watu wana haki ya kuuliza kama kituo cha umma bado kina kazi katika jamii inayokizunguka. Historia ya Tanzania na Kenya inalijibu swali hilo vizuri, kwa mambo yaliyofanikiwa na kwa yaliyoharibika.

Sauti ya Dar es Salaam

Utangazaji Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha serikali ya kikoloni kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali huru ikalichukua shirika hilo, likazaliwa jina ambalo wazee hawajaliacha hadi leo: Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Kwa karibu miaka 30 hakukuwa na redio nyingine Tanzania Bara. Studio zake ndizo zilizorekodi bendi za dansi na vikundi vya taarab, mitambo yake ndiyo iliyopeleka sauti za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika majumbani kwao, na ngoma iliyotangulia taarifa ya habari ndiyo iliyoita watu kukaa.

Ilikuwa pia redio ya serikali na ya chama kimoja, na jambo hilo lazima lisemwe waziwazi. Mkulima aliyeonewa na ofisa hakuwa na uhakika wa kusikika. Kituo kilisema na wananchi kuliko kilivyowasikiliza. Hata hivyo, ndani ya miaka hiyohiyo RTD ilishiriki kazi moja ambayo wataalamu wa elimu ya watu wazima duniani bado wanaisoma.

Mtu ni Afya

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanza kujaribu njia ya vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1971, katika kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, kampeni ya Wakati wa Furaha ilikusanya watu wapatao 20,000. Ilionekana kwamba njia inafaa, na mwaka 1973 ikapanuliwa kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana Afrika. Kampeni hiyo mpya iliitwa Mtu ni Afya.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya na kijiji. Vitabu vilichapishwa kwa lugha nyepesi. Kisha kwa wiki 12 kila kikundi kilikutana, chini ya mwembe, shuleni au uani kwa mtu, kikafungua redio kwa saa iliyopangwa. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa. Anayejua kusoma alisoma sura ya wiki hiyo kwa sauti, maana wengi waliokuwapo walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza herufi. Kisha watu walijadili: malaria inatoka wapi hapa kwetu, kichocho tunakiokota kwenye bwawa lipi, nani hana choo. Safura, kuhara damu na kifua kikuu navyo vilikuwa na sura zake. Mjadala haukuruhusiwa kuishia kwenye maneno. Kikundi kilitakiwa kukubaliana jambo la kufanya na siku ya kulifanya.

Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi iliyokuwa na wakazi karibu milioni 15. Vyoo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa, maji yakaanza kuchemshwa. Miaka miwili baadaye njia hiyohiyo ilitumika kwa kampeni ya lishe, Chakula ni Uhai.

Ni rahisi kusema kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ukweli ni kwamba redio ilifanya robo yake tu, na ndiyo maana ilifaulu. Robo nyingine ilikuwa kitabu, nyingine kiongozi wa kikundi anayejulikana kijijini, na nyingine jembe. Mtambo wa Dar es Salaam ungeweza kuhubiri habari za vyoo mwaka mzima, na shimo lisichimbwe hata moja, kama pale kijijini pasingekuwa na watu waliojiandaa kusikia pamoja na kuulizana. Hili ndilo fundisho kubwa la utangazaji wa umma katika nchi zetu, na ndilo linalosahaulika kila bajeti inapotengwa kwa ajili ya mnara mpya bila senti ya kwenda kwa watu watakaousikiliza.

Mkwaju, Tunu na watu wa Dodoma

Miaka 20 baada ya Mtu ni Afya, RTD ilirudi kwenye kazi ya aina hiyo kwa sura nyingine. UKIMWI ulikuwa umeingia kila mkoa, na mikutano ya hadhara haikuwa ikiwafanya watu wazungumze wanayoyaficha chumbani. Julai 1993 kituo kilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki.

Mhusika aliyekumbukwa kuliko wote ni Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye mwanamke karibu kila kituo anacholala. Mkewe Tunu anavumilia, analea watoto peke yake, kisha siku moja uvumilivu unafika mwisho. Anafungua biashara ndogo, anasimama kwa miguu yake na kumwacha mume. Mkwaju anapata UKIMWI na kufa. Msikilizaji hakuhubiriwa. Alimfuata Mkwaju safari baada ya safari, akamwonea huruma, akamkasirikia, na jioni akamuuliza mwenzake: ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kilichoupa mchezo huu uzito mbele ya watafiti ni Dodoma. Mtambo wa huko haukuurusha kwa miaka miwili ya mwanzo. Ulirusha vipindi vyake vingine kwa saa hiyo. Kwa hiyo watafiti Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao waliweza kulinganisha wakazi wa eneo la Dodoma na wa maeneo yaliyousikia. Katika maeneo yaliyousikia, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wasikilizaji, matumizi ya njia za uzazi wa mpango yaliongezeka, na watu walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi na kuanza kutumia kondomu. Dodoma ilipoanza kuurusha mwaka 1995, mabadiliko ya namna hiyo yakaonekana huko pia. Watafiti waligundua jambo ambalo vikundi vya mwaka 1973 vingewaambia bila utafiti: mchezo ulifanya kazi zaidi pale mume na mke, au rafiki na rafiki, walipouzungumza baada ya kuusikia.

Mchezo huo ulianza mwaka uleule ambao Bunge lilipitisha sheria iliyofungua milango kwa watangazaji binafsi. Mwaka 1994 Radio One ilikuwa hewani, na vituo vingine vikafuata. RTD ilikuja kuunganishwa na televisheni ya taifa, na sasa zote ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Ushindani ulileta sauti nyingi, mijadala ya siasa, na watangazaji wanaothubutu kumkatiza waziri. Lakini mtangazaji wa biashara analipwa na matangazo, na matangazo huwafuata wenye fedha za kununua bidhaa. Mfugaji wa Simanjiro na mvuvi wa Tumbatu hawamo kwenye hesabu hiyo.

Homa Bay, miaka miwili tu

Kenya nayo ilipata nafasi ya mapema ya kuiteremsha redio hadi ilipo jamii. Mei 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, ya kutengenezwa na fundi wa kawaida, na vipindi vyake vilikuwa kwa Kijaluo. Wengi wanakitaja kuwa redio jamii ya kwanza Afrika.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, na jambo la kwanza walilofanya ni kuiteka Sauti ya Kenya, redio ya taifa, mjini Nairobi. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alitolewa nyumbani na kulazimishwa kusoma tangazo lao. Mtu aliyejulikana kila nyumba kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, alichokianza mwaka 1966 na kukiendesha zaidi ya miaka 50, siku hiyo sauti yake ilitumiwa kwa mtutu wa bunduki. Mbotela alifariki dunia Februari 2025, na habari za asubuhi ile zilisimuliwa tena nchi nzima.

Serikali inayojua kwamba kipaza sauti kinaweza kutekwa huwa na hofu na kila kipaza sauti. Mwaka 1984 kituo cha Homa Bay kilifungwa. Wakazi wake hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa wamepata mahali pa kuzungumzia samaki, mashamba na maradhi yao kwa lugha yao. Kenya ilikaa karibu miaka 20 kabla redio jamii nyingine kupata nafasi ya kusimama.

Zilipopata, zilijidhihirisha katika wakati mgumu. Koch FM ilianza mwaka 2006 Korogocho, Nairobi, ndani ya kontena la kusafirishia mizigo. Pamoja FM ilifuata Kibera mwaka 2007. Nguvu ya mitambo yao ni ndogo kiasi kwamba vituo hivyo viwili, katika jiji moja, vinatumia masafa yaleyale ya 99.9 bila kugongana. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalipozuka mwishoni mwa 2007, wakati baadhi ya vituo vikubwa vya lugha za makabila vikilaumiwa kwa kuchochea chuki, watangazaji wa Pamoja FM walikaa hewani wakiwasihi majirani wa Kibera watulie. Waliosikia waliwafahamu kwa nyuso, maana ni vijana waliopita nao vichochoroni. Mtangazaji anayeishi mtaa anaoutangazia hawezi kutupa neno la moto kisha akaenda kulala upande mwingine wa jiji.

Daftari la matangazo

Ukiingia katika redio jamii nyingi za Afrika Mashariki utakuta chumba kimoja au viwili, sponji au trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja inayofanya kazi zote, simu isiyopumzika, na daftari la matangazo. Daftari hilo ndilo linaloonyesha kituo kina kazi gani. Mbuzi watatu wamepotea, mmoja ana alama sikioni. Cheti cha kidato cha nne kimeokotwa stendi. Siku ya chanjo ya watoto zahanati imebadilishwa. Bomba la kijiji limekatika na kamati ya maji inaita mkutano. Hakuna gazeti la Dar es Salaam wala Nairobi litakaloandika hayo, na hakuna kampuni itakayolipa yaandikwe.

Orkonerei FM, iliyoanzishwa mwaka 2002 katika kijiji cha Terrat wilayani Simanjiro, ilizaliwa kutokana na harakati za Wamasai za kutetea ardhi na mifugo yao, na Martin Kariongi ndiye aliyeiongoza kwa miaka mingi. Inatangaza katika eneo ambalo boma na boma huweza kutengana kwa saa kadhaa za mwendo wa miguu, na ambapo habari ya ugonjwa wa ng'ombe ikichelewa siku mbili hasara yake haihesabiki. Pangani FM, mkoani Tanga, inaendeshwa na shirika la UZIKWASA, ambalo lilitangulia kufanya kazi ya sanaa na mijadala ya vijijini kuhusu jinsia na uongozi. Kwa hiyo redio hiyo ilikuta tayari kuna watu waliozoea kukaa na kujadiliana, kama ilivyokuwa mwaka 1973. Micheweni, kaskazini mwa Pemba, nako kuna kituo chao, kimoja kati ya vile vilivyosaidiwa na UNESCO kusimama.

Vituo vya taifa navyo huonekana thamani yake siku ya dharura. Corona ilipofunga shule za Kenya Machi 2020, masomo yaliyoandaliwa na taasisi ya mitaala yalirushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, kwa redio, wakati familia nyingi za vijijini hazikuwa na intaneti wala televisheni. Hayakuziba pengo la mwalimu, lakini yalikuwa kitu pekee kilichomfikia mtoto ambaye nyumbani kwao kuna redio moja tu.

Nani analipa bili ya umeme?

Hapo ndipo maneno mazuri yanapokutana na hesabu. Mfadhili hununua mtambo, hukata utepe na kuondoka. Zinazobaki ni bili ya umeme, ada ya leseni kwa mamlaka ya mawasiliano, kipuri cha mtambo uliopigwa na radi, na posho ya vijana wanaotangaza kwa kujitolea. Wazuri kati yao wakishajifunza kazi, huchukuliwa na vituo vya mjini. Kituo kikikosa fedha huanza kuuza saa zake: kwa mganga anayedai kutibu kila kitu, kwa mhubiri anayelipa mwezi mzima, kwa mgombea msimu wa uchaguzi. Mwisho wa yote jina linabaki la jamii, na hewa inakuwa ya mwenye fedha.

Wakubwa nao wana mzigo wao. KBC ilibebeshwa mkopo wa Japani wa mwaka 1989 uliolilemea shirika kwa miongo kadhaa. TBC inaishi kwa ruzuku na matangazo, na kila anayelipwa na serikali huulizwa, kwa haki kabisa, kama anaweza kuiuliza serikali maswali.

Tatizo si la nchi maskini peke yake. Marekani ilipitisha sheria ya utangazaji wa umma mwaka 1967 na kuunda shirika la kugawa fedha za walipa kodi kwa vituo vya mitaa. Julai 2025 Bunge lake lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa, na shirika hilo likaanza kufunga milango. Walioumia zaidi hawakuwa watu wa New York, ambako kituo kinaweza kuwaomba wasikilizaji matajiri wachangie. Walikuwa vituo kama KYUK cha Bethel, Alaska, kinachotangaza kwa Kiingereza na Kiyupik kwa vijiji visivyofikika kwa barabara, na ambacho kilitegemea fedha hizo kwa sehemu kubwa ya bajeti yake. Oktoba ya mwaka huohuo mabaki ya kimbunga Halong yaliporarua kijiji cha Kipnuk na jirani zake, kituo hicho ndicho kilichokuwa kikiwapa watu habari za uokoaji. Fedha zilikatwa Julai, na miezi mitatu haikupita kabla ya maji kuja.

Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umetumika pia kupeleka usikivu wa TBC katika maeneo ya mipakani na ya pembezoni. Ni hatua njema. Lakini mnara unaoleta sauti ya Dodoma hadi Kakonko haumpi mtu wa Kakonko nafasi ya kusikika, hata kijiji cha pili. Sehemu ya fedha hizo ingewekwa kwenye uendeshaji wa redio jamii, kwa mkataba ulio wazi, kwa miaka kadhaa mfululizo, vituo vingeacha kuuza saa zao kwa kila anayebisha hodi. Halmashauri nazo zilipe matangazo ya chanjo, ya pembejeo na ya tahadhari ya mafuriko kwa bei halali, zikitambua kwamba malipo hayo hayanunui ukimya wa mtangazaji pale zahanati inapokosa dawa.

Na msikilizaji ana sehemu yake. Mwaka 1973 hakuna aliyelipwa kukaa chini ya mwembe na kuchimba choo baada ya kipindi. Kituo kinachopigiwa simu kuombwa nyimbo tu kitacheza nyimbo tu. Kinachoulizwa bei ya mahindi sokoni, fedha za ukarabati wa darasa na sababu ya bomba kukauka kitalazimika kutafuta majibu. Mikutano ya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na ni ya wazi kwa mwananchi yeyote. Piga simu redio ya wilaya yako, uliza kama kipaza sauti chao kitakuwapo kwenye mkutano ujao, na usiache kuuliza mpaka kiwepo.